Jina la Arobaini na Mbili

Jumapili, 10 Oktoba 2010

Leo baada ya ibada nimepewa kazi ambayo sikuiomba. Sisi watu wa Nyamuzi tulioko Johannesburg hatufiki thelathini. Kila mwaka tunasema tutafanya kuganduka kwa ajili ya wale wa ghala, na kila mwaka tunaishia kusema. Safari hii Mzee Alexis, mwenyekiti wetu, amegonga meza: tarehe 16 Desemba, ni sikukuu ya hapa, hakuna wa kusingizia kazi.

Kuganduka ndiko kumaliza matanga kwetu Burundi. Majina ya marehemu yanasomwa, mwenye neno juu yao analisema kabla pombe haijaguswa, wanawake wanapiga vigelegele, na kuanzia hapo wafiwa wana ruhusa ya kufurahi tena. Ambaye jina lake halikusomwa, matanga yake hayaishi, na watoto wake wanabaki nayo. Miaka kumi na tano sasa.

"Mama Inès," aliniambia Mzee Alexis, "wewe ulisoma kwa masista na mwandiko wako unasomeka. Andika historia ya mji wetu, na majina mwishoni. Kwa Kiswahili, ili na wake zetu Wakongo waelewe."

"Kwa nini mimi?"

"Kwani nani mwingine alitoka ndani ya ghala?"

Hapo alinipata. Nimenunua daftari lenye picha ya mpira, mabaki ya Kombe la Dunia. Mbele naandika historia ya mzee, nyuma naandika haya yangu.

Jumanne, 12 Oktoba

Joto. Nimeshona kola kumi na nane za kwaya na sindano imevunjika mara mbili. Historia, hata mstari mmoja.

Alhamisi, 14 Oktoba

Nimeanza. Nyamuzi ni mji mdogo kando ya ziwa, barabara moja, msikiti mmoja, parokia moja, na soko la Jumatano la dagaa na mawese. Waislamu waliuza nguo, Wakristo walilima michikichi, na wote walidanganyana bei kwa Kiswahili. Hiyo ya kudanganyana nimeifuta. Mzee Alexis hana masihara.

Kisha vita. Mwaka 1993 tulivisikia redioni. Mwaka 1994 vilikuwa mlimani. Mwaka 1995 soko lilikuwa na wauzaji wengi kuliko wanunuzi, halafu likawa halina mtu. Mwisho wa Novemba malori ya watu wenye silaha yalianza kupita, na sisi tuliobaki tukajificha kwenye ghala la mawese la ushirika. Walikuwa wa upande gani? Kila mtu wa Nyamuzi ana jibu lake. Nimeandika "wenye silaha" basi, maana nataka tumalize matanga haya, si tuanze mengine.

Tulikuwa arobaini na wanne. Mlango wa mbele tuliukaza kwa ndani kwa magogo. Wa nyuma, unaotazama ziwa, ulifungwa kwa nje kwa kufuli, ili apitaye adhani ghala ni tupu. Mtunza ghala, Ildephonse, aliingia nasi. Ufunguo alimwachia mwanawe Égide, kijana wa miaka ishirini, aliyejificha nje kwenye michikichi. Siku ya tatu, tarehe 2 Desemba, wenye silaha waliingia kwa mlango wa nyuma. Kufuli lilikutwa chini, zima, ufunguo ungali ndani yake.

Walikufa arobaini na wawili. Tulitoka mimi na bibi Thérèse, ambaye alifia kambini Tanzania. Na Inès mgongoni mwangu, mtoto wa dada yangu Clémence, aliyezaliwa humo ghalani siku ya kwanza, tarehe 30 Novemba. Clémence ni namba tisa kwenye orodha. Namba tatu, nne na tano ni mke wa Mzee Alexis na watoto wake wawili. Orodha ina majina arobaini na moja, si arobaini na mawili. La Ildephonse hatuliandiki, kwa sababu ya mwanawe.

Mkono umechoka. Nimeandika mambo haya kama mtu anayefua nguo za mwingine.

Jumapili, 17 Oktoba

Égide alinisubiri chini, kwenye ngazi za kanisa. Yeye ni askari wa geti huko Marshalltown, na huwa hapandi juu tukikutana. Hata kwenye harusi huja na soda yake mwenyewe, kwa kuwa hakuna mtu wa Nyamuzi atakayekunywa naye kutoka chombo kimoja. Mimi ndiye niliyeanza kumkatalia, tangu kambini.

"Mama Inès, habari za siku nyingi."

Sikumpa mkono.

"Nasikia unaandika majina. Naomba la baba yangu liwemo. Mama alifariki mwaka jana huko nyumbani, akiwa bado kwenye matanga ya mume wake. Sitaki na mimi nife hivyo."

"Kaliombe kufuli lako," nikamwambia, nikapita.

Yule mtu hajawahi kunijibu vibaya. Hilo ndilo linalonikera zaidi.

Jumamosi, 23 Oktoba

Mvua ya kwanza, na mawe yake. Harusi ya Wakongo. Bibi harusi alipoingia wanawake wote walipaza vigelegele, mimi nikashika mkoba. Jeannine, yule msusi mwenye duka karibu na cherehani yangu, akanitania, "Mama Inès, mdomo wako uliushona na wewe?" Watu wakacheka. Nikacheka nao.

Jumapili, 31 Oktoba

Nimewasomea kamati. Mzee Alexis alirudia mwenyewe, kidole juu ya mstari: Égide mwana wa Ildephonse alifungua mlango wa nyuma.

"Voilà. Hapo umeandika vizuri. Nakala itakwenda parokia ya Nyamuzi, ikae kwenye kabati la vitabu vya ubatizo. Wajukuu watasoma."

Marehemu mke wa mzee alikuwa shoga yangu. Nimekula chakula cha kamati na sikuonja chumvi.

Alhamisi, 4 Novemba

Mvua kila alasiri, saa kumi kamili.

Jumapili, 7 Novemba

Mzee alitaka niongeze ushuhuda wa Waislamu. Nikaenda Fordsburg kwa Zubeda, anayekaanga sambusa nyuma ya duka la vitambaa. Nyumba yao Nyamuzi ilikuwa ng'ambo ya barabara, mkabala na ghala. Siku zile tatu alikuwa chini ya kitanda na mama yake. Hatujawahi kuzungumza habari hizo, mimi naye, ingawa tunaonana kila mwezi.

Alinisimulia huku anageuza sambusa. Nikawa naandika. Halafu akasema:

"Ile siku ya tatu malori yalikuwa yameshapita, Spéciose. Yote. Mama akaanza hata kusema alhamdulillahi. Ndipo tukasikia vigelegele."

Kalamu ikasimama.

"Vigelegele vya nini?"

"Ndiyo nakuuliza wewe uliyekuwa ndani! Mama akasema, nani huyu anaoza binti siku kama ya leo? Mara moja tu, sauti nzuri ya msichana, ikakatwa. Na lori la mwisho, ambalo lilikuwa halijafika mbali, likasimama."

"Labda redio."

"Redio gani, dada? Betri ziliisha mwezi wa kumi."

Nikamwambia sambusa zinaungua. Hazikuwa zinaungua. Alinitazama, akainamia karai lake, na mimi nikaondoka bila kuaga. Nilivuka taa za robot zikiwa nyekundu na taksi ikanipigia honi na matusi ya Kizulu, na matusi hayo yalinifaa.

Jumatatu, 8 Novemba

Sijaenda kazini. Naandika sasa ili niache kuisikia.

Inès hakuzaliwa tarehe 30 Novemba. Alizaliwa tarehe 2 Desemba, mchana. Nilimsogeza siku mbili nyuma kwenye makaratasi ya kambi, na siku mbili hizo zimetosha kuwadanganya watu wote kwa miaka kumi na tano.

Uchungu ulimshika Clémence asubuhi. Alikuwa anauma kitambaa asipige kelele. Watu arobaini walikuwa wamegeuza nyuso ukutani kumpa heshima, na hakuna aliyekohoa. Nje tulisikia malori, moja, jingine, jingine. Bibi Thérèse alimpokea mtoto. Mtoto hakulia, alipiga chafya. Bibi akanionyesha kwa vidole kwamba ni msichana na ni mzima.

Nilikuwa na miaka kumi na tisa. Nilikuwa naongoza kwaya ya parokia. Tangu nikiwa mdogo, mtoto akizaliwa kwetu, mimi ndiye niliyekuwa nasukumwa mbele: Spéciose, anza wewe! Kila mtoto wa mtaa wetu nilimpigia. Sikufikiri. Ulimi ulijua kazi yake. Nilipiga vigelegele.

Bibi Thérèse alinifunika mdomo kwa mkono wenye damu ya uzazi. Clémence alinitazama. Hakuwa na hasira, nakumbuka vizuri, alikuwa kama mtu anayejaribu kusikia kitu. Kisha breki.

Walianza kupiga mlango wa mbele. Na hapo mlango wa nyuma ukafunguka, mwanga ukaingia, na aliyekuwa amesimama kwenye mwanga ni Égide. Alikuwa ametoka michikichini mbio mbele ya macho yao ili atufungulie. "Tokeni! Kwa ziwani!" Ildephonse alinisukuma mgongoni. Clémence hakuweza kusimama. Alisema, "Nenda naye." Tulitoka watatu, mimi na bibi na kile kichanga. Wa nne hakuwahi, kwa sababu walikuwa wameshazunguka nyuma.

Kambini watu waliniuliza wenye silaha waliingiaje. Nilisema, Égide alifungua mlango wa nyuma. Sikusema uongo. Mtu mmoja akasema, kumbe alituuza! Nikanyamaza. Wiki iliyofuata nilikuwa nasema hivyo mimi mwenyewe, na kwa sauti kubwa kuliko wote. Kuna siku niliamini.

Jumanne, 9 Novemba

Mvua.

Jumatano, 10 Novemba

Mvua. Nimeshona mikono miwili ya kushoto kwenye gauni moja.

Jumapili, 14 Novemba

Inès kaniuliza kama naumwa. Mimi nasema naye Kiswahili, yeye ananijibu Kiingereza, hivyo ndivyo tulivyo. Nimemtazama anavyokula, mguu juu ya kiti kama Clémence. Nikisema, Ildephonse anasomwa, Égide anakuwa mtu tena. Nikisema, huyu mtoto anajua kwamba watu arobaini na wawili walikufa kwa furaha ya kuzaliwa kwake. Mungu wangu, mbona hukunipa lingine la kuchagua.

Jumamosi, 20 Novemba

Nilikwenda Marshalltown. Égide alikuwa kwenye kibanda chake cha geti, koti la mvua hadi magotini. Jumamosi ofisi zimefungwa. Hakushangaa kuniona.

"Ulisikia?" nikamuuliza.

"Nilisikia."

"Ulijua ni nani?"

"Ulikuwa mwimbishaji wa parokia, Mama Inès. Nani asingejua?"

"Kwa nini hukusema?"

Alifuta maji usoni kwa mkono wa koti.

"Nilipofika kambini ulikuwa umeshasema. Na kweli nilifungua. Bila mimi kufungua labda mlango wa mbele ungevumilia, sijui, hilo nalibeba mwenyewe. Kisha nikamwona mtoto mgongoni kwako. Nikasema, bon, nikieleza, huyu atakua anaonyeshwa kidole. Mimi nilikuwa mtu mzima tayari."

"Miaka kumi na tano, Égide!"

"Usidhani nimekusamehe. Kila Jumapili nakuchukia. Lakini baba yangu namtaka. Kama unaweza kumwandika bila kusema hayo mengine, mwandike. Kama haiwezekani, acha. Mtoto kwanza."

Akanipa kiti chake nikae mvua ipungue, akasimama nje yeye.

Jumapili, 28 Novemba

Nimejaribu njia ya uoga. Nilimwambia Mzee Alexis, tuliongeze jina la Ildephonse, alikufa kama wengine.

"Sababu?"

"Huruma."

"Huruma namwachia Mungu aitoe. Mke wangu alikuwa na miaka thelathini na moja. Lete sababu, nitaandika kwa mkono wangu. Hakuna sababu, hakuna jina."

Alhamisi, 2 Desemba

Leo Inès katimiza miaka kumi na tano. Keki tulikula juzi.

Jumapili, 5 Desemba

Sikulala. Sikuenda kanisani. Radi imepiga jengo la jirani, umeme hakuna. Namchukia Zubeda, namchukia mzee, namchukia Clémence kwa kuniachia mtoto. Kesho nitaona aibu kwa mstari huu, lakini leo ndivyo ilivyo.

Jumapili, 12 Desemba

Nimemwambia. Nilizima cherehani, nikamkalisha kitandani, nikamwambia yote, hata chafya. Nilimwambia kwamba kosa ni langu, ni langu, ni langu, nikarudia mpaka neno likaisha ladha.

Aliangalia mikono yake. Kisha akanijibu kwa Kiswahili, mtoto ambaye hajanijibu kwa Kiswahili tangu darasa la pili.

"Kwa hiyo birthday yangu ni lini?"

"Tarehe mbili."

"Na walikufa tarehe mbili."

"Ndiyo."

"Eish, Mama."

Alichukua begi la shule na nguo mbili, akaenda kwa rafiki yake Orpha huko Yeoville. Nilimfuata hadi ngazini. Hakugeuka.

Jumatatu, 13 Desemba

Simu haipokei.

Jumanne, 14 Desemba

Simu haipokei. Mama yake Orpha anasema anakula.

Jumatano, 15 Desemba

Nimeandika upya ukurasa wa nne. Nimeandika namba arobaini na mbili. Inès hataki kuniona, na kesho wote hawatataka. Nimepiga pasi gauni jeusi, kwa sababu mikono inahitaji kitu cha kufanya.

Alhamisi, 16 Desemba

Ukumbi ni ghorofa ya tatu ya jengo la zamani katikati ya jiji, kanisa letu. Mlango tuliufunga kwa komeo, kama tunavyofanya siku zote, watu wa mtaa huu tunawajua. Chungu kilikuwa katikati, na pombe ya mtama ya maboksi tuliyoimimina humo ili ifanane na ya nyumbani, na mirija yake. Égide alikaa kiti cha mwisho karibu na mlango, soda yake miguuni. Inès hakuwepo.

Nilisoma mji, soko, michikichi. Nilisoma majina. Kwenye namba tatu, nne na tano Mzee Alexis alifumba macho. Nilipofika arobaini na moja nilivuta pumzi, nikasoma: "Arobaini na mbili. Ildephonse, mtunza ghala."

Watu wakaguna. Mlango ukagongwa, Égide akafungua komeo, na Inès akaingia, amelowa, akasimama nyuma; komeo likarudishwa. Nilitamani arudi nje. Mzee aliuliza, kama desturi inavyotaka, ingawa alikuwa ananiuliza mimi: "Kuna mwenye neno juu ya marehemu, kabla pombe haijaguswa?"

"Ninalo mimi."

Nikalisema. Sikulia, nilikuwa nimeshaapa. Nilisema nani alipiga vigelegele, nani alinyamaza, nani alifungua mlango na kwa nini. Nilisema mtoto hana kosa, alipiga chafya tu.

Mvua ilikuwa inapiga mabati ya jengo la pili. Mzee Alexis alivua miwani.

"Yaani malori yalikuwa yameshapita?"

"Yalikuwa yameshapita."

"Yote?"

"La mwisho lilikuwa bado karibu, mzee."

Aliirudisha miwani, akaivua tena, akaishika tu. Zubeda peke yake ndiye alikuwa ananitazama. Hatimaye mzee alisimama, akainamia chungu, akaonja kwanza yeye, ili watu waone kwamba haina sumu. Kisha akashika mrija mwingine, akaunyoosha kule nyuma.

"Njoo, mwana wa Ildephonse."

Égide alikuja. Alikunywa kwa kituo, macho chini. Baada yake mrija ukapita kwa mmoja, kwa mwingine, ukaruka pale nilipokaa, ukaendelea. Sikutegemea jambo jingine. Nimemfanyia yeye hivyo miaka yote hii.

Ilibaki kufunga. Vigelegele huanzwa na mwanamke aliye karibu zaidi na marehemu, na kati ya waliokuwepo ni mimi. Wanawake walinigeukia, kisha wakaangalia sakafu. Bila vigelegele matanga hayajaisha. Nilifungua mdomo, na mkono wa bibi Thérèse ukaja juu yake kama siku ile. Hakuna kilichotoka. Hakuna mwingine aliyeanza. Mzee alikuwa anakusanya karatasi.

Inès ndiye aliyepiga, kule nyuma. Hajafundishwa, mimi sikumfundisha kamwe. Alipiga vibaya, sauti inakwama na kuanza upya, kama mtu anayeita taksi inayoondoka. Hakuna aliyemwitikia, na yeye hakuacha.

Nilikuwa nimeshaugeukia mlango. Mwili wangu wote ulikuwa unasubiri breki. Na Égide naye alikuwa amesimama. Alikwenda mbio mpaka mlangoni, mtu mzima wa miaka thelathini na mitano, akavuta komeo, akaufungua wote, akasimama hapo ameushikilia mpaka mtoto alipomaliza.